Ukinunua mchoro wetu, uliza pesa zinalala wapi

JUMAMOSI moja Agosti mwaka jana, mimi na jamaa yangu tulifika Muliro Gardens hapa Kakamega saa tatu asubuhi. Tulikuwa na kamba ya kuanikia nguo, vibanio dazeni nne na printi 40 za michoro yake. Tukafunga kamba kati ya miti miwili, tukaanika: mbega wa msituni, fahali wawili wa Isukha wamefungana pembe, wapiga isukuti, na lile jiwe la Ilesi linalolia. Chini tukasimamisha kipande cha katoni kilichoandikwa kwa maka pen nyeusi: "SH500. PESA ZOTE ZINAENDA KWA BILI YA HOSPITALI."

Kufikia saa kumi na moja jioni hakukuwa na hata printi moja kwenye kamba. Nilikuwa nimejaa kama mtu aliyeshinda jakpoti. Nikaweka statasi ya WhatsApp: "Wasee, tumeuza ZOTE! Sh20,000! Asanteni Kakamega!"

Wiki moja baadaye, mtaani kwetu Lurambi, watu walikuwa wanasema tumekula pesa ya mgonjwa.

Nataka niwaeleze ilikuwaje, kwa sababu najua kuna wengi wenu mnaochora, mnaopiga picha ama mnaotengeneza michoro kwa simu, na mnafikiria kufanya kitu kama hiki. Fanyeni. Lakini msifanye vile sisi tulifanya mara ya kwanza.

Ilianzaje

Mgonjwa alikuwa mwendesha boda wa stage yetu. Aligongwa usiku, mguu ukavunjika mara mbili. Wenzake wa stage walichanga, kanisa likachanga, ukoo ukachanga. Grupu ya WhatsApp ikafunguliwa, na nyote mnajua vile grupu za mchango huwa. Siku ya kwanza watu wanatuma mia mbili na emoji za maombi. Siku ya nne wanaanza kutoka mmoja mmoja. Sio roho mbaya. Ni kwamba mtu yuko kwenye grupu tano za aina hiyo, na mshahara ni mmoja, ama hakuna.

Mimi sijui kuchora hata kuku. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo naishi kwa kuandika na kuuza maneno. Lakini huyo jamaa yangu ana mkono. Anachora kwa biro na rangi za maji, kitu kinatoka hadi unataka kukishika. Nikamwambia, "Badala ya kuomba watu pesa bure, si tuwauzie kitu wabaki nacho?" Akakubali palepale. Alichora wiki tatu, michoro minne. Tukaipiga picha kwa simu, tukapeleka saiba moja mjini, zikachapishwa kumi kwa kila mchoro.

Sasa hesabu. Kuchapisha kuligharimu sh120 kwa kila printi, hiyo ni sh4,800. Plastiki za kufunikia na katoni za kushikilia nyuma, sh30 kwa kila moja, sh1,200. Nduthi na mambo mengine madogo ya siku hiyo, sh600. Jumla sh6,600. Tulikuwa tumekopa hizo pesa, kwa hivyo zilirudi kwa wenyewe kwanza. Familia ya mgonjwa ikapata sh13,400.

Lakini mimi nilikuwa nimetangaza 20,000. Na katoni ilisema "pesa zote". Mke wa mgonjwa hakuuliza kitu, alishukuru. Waliouliza ni wengine. "Zile 6,600 zimeenda wapi?" Risiti ya saiba tulikuwa nayo. Ya nduthi nani huwa anaomba? Ya vibanio tulitupa.

Kitu cha pili ndicho kiliniuma zaidi. Wiki hiyohiyo, landi wa jamaa yangu alifunga keja kwa kufuli. Alikuwa na deni la kodi la sh3,500. Huyu ni mtu ambaye jasho lake lilikuwa limeuzwa sh20,000 mchana kweupe, na hakupata hata ya chai. Alilala kwangu kwa kochi siku tisa. Watu wakimwita mwizi, yeye alikuwa anaosha shati moja usiku ili avae asubuhi.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema kwamba amebanwa. Akaniambia, "Ungesema nini? Kwamba nataka kupata faida kwa mguu wa mtu?"

Hatukuanza sisi

Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama kuna watu waliowahi kufanya hii kitu wakatoboa, na waliifanyaje.

Wa kwanza niliyempata ni mtoto. Jitka Samkova, msichana wa miaka saba huko Czechoslovakia, alichora watoto wakicheza, kuwashukuru UNICEF kwa msaada uliofika kijijini kwao baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka wa 1949 mchoro wake ukawa kadi ya kwanza ya salamu ya UNICEF. Kadi zikauzwa miaka mingi duniani kote, na pesa zikaenda kwa watoto. Angalia ujanja uliopo hapo. Kadi ni kitu ambacho mtu alikuwa anunue hata hivyo. Hakuna aliyeombwa huruma.

Wa pili alipitia Kenya, na stori yake inachekesha. David Shepherd alikuwa kijana Mwingereza aliyekuja hapa 1949 akitaka kazi ya kulinda wanyama. Akaambiwa hafai. Akaishia kufanya kazi hotelini Malindi, akikosa hata nauli ya kurudi kwao. Alichora picha za ndege, akauza saba kwa pauni kumi kila moja, akalipa meli. Yaani sanaa yake ya kwanza ilimwokoa yeye mwenyewe.

Miaka kumi na kitu baadaye, printi ya ndovu wake iliuzwa sana kwa maduka Uingereza, akawa jina kubwa. Halafu akaanza kurudisha. Mwaka wa 1973 mchoro wake wa chui milia, "Tiger Fire", ulitolewa kwa printi za idadi maalumu zilizotiwa sahihi, zikaleta zaidi ya pauni 127,000 za kuokoa chui milia India. Michoro yake mingine ilinunua helikopta ya kupambana na majangili Zambia, na Rais Kenneth Kaunda akamshukuru kwa kumpa garimoshi zima. Mwaka wa 1984 alianzisha wakfu wake wa wanyamapori, ambao bado unafanya kazi hadi leo ingawa yeye alifariki 2017.

Halafu kuna ya juzijuzi. Mwaka wa 2020, korona ilipofunga utalii na mbuga zikakosa pesa, wapiga picha zaidi ya 100 waliungana kwa mradi ulioitwa Prints for Wildlife. Kila mmoja alitoa picha, kila printi ikauzwa dola 100, pesa zikaenda kwa shirika la African Parks linalosimamia mbuga katika nchi kadhaa za Afrika. Walipata zaidi ya dola 600,000. Bei moja, shirika moja, tarehe ya kufunga. Hakuna mahali pa kuchanganyikiwa.

Na usidhani ni mambo ya wazungu pekee. Kule Mukuru Lunga Lunga, Nairobi, wasanii wa Wajukuu Art Project wamekuwa wakifanya sanaa na kufundisha watoto wa mtaa kwa miaka mingi. Mwaka wa 2022 walialikwa kwa maonyesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani, ambayo hufanyika kila baada ya miaka mitano. Walipeleka mabati ya mtaa, wakajenga njia ya kuingilia, na wakashinda Tuzo ya Arnold Bode. Kwao, msanii na mtaa hula sahani moja. Haisemwi msanii afe njaa ndiyo mtoto asome.

Hata hapa kwetu mfano upo. Waongoza watalii wa Msitu wa Kakamega walianzisha KEEP pale Isecheno 1995, wafundishe wanafunzi kuhusu msitu. Wakajua elimu ya bure inahitaji kitu cha kuuza. Wakafuga vipepeo na kulaza wageni. Kazi ya roho safi, lakini yenye mahali pesa inaingilia.

Katika hizi stori zote, nilichoona ni kwamba mnunuzi alijua ananunua nini na pesa inaenda kwa nani. Sisi tulikuwa na roho nzuri na katoni mbaya.

Mbega aliyegeuka rangi

Kama hiyo haitoshi, Desemba mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinipigia simu. Alikuwa amenunua mbega, akamtundika sebuleni karibu na dirisha. "Kijana wangu, njoo uone mnyama wako," akasema.

Nilienda. Msitu uliokuwa kijani ulikuwa buluu. Mkia mweupe wa mbega ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Miezi minne tu!

Mwalimu hakutaka pesa zake. Alisema, "Nilitoa sh500 kwa ajili ya mgonjwa, hiyo sidai. Lakini mlinipa picha, na picha imekufa." Nilitamani sakafu inimeze.

Nilienda kuuliza wanaojua. Kumbe printa nyingi za saiba hutumia wino ambao rangi yake imeyeyushwa kwa maji. Unang'aa siku ya kwanza, lakini jua linaula haraka, na manjano ni kati ya zile zinazotangulia kwenda. Kijani ni manjano na buluu. Manjano ikienda, unabaki na buluu. Kuna wino mwingine wenye chembechembe ndogo za rangi zisizoyeyuka. Huo hukaa miaka mingi zaidi ukiwa kwa karatasi nzuri isiyo na asidi, hasa ya pamba. Karatasi ya kawaida ya mbao hugeuka manjano yenyewe, kama gazeti la zamani. Na picha tuliyopiga kwa simu ilikuwa na kivuli cha mkono wangu kwenye kona. Mchoro unafaa kuskaniwa, angalau nukta 300 kwa kila inchi, ndiyo mistari isitoke na ukungu.

Nilijifunza kitu hapo. Mtu akinunua kwa sababu ya huruma, usimpe takataka ukidhani hatajali. Ataitazama kila siku.

Mara ya pili

Januari ilipokaribia, mwendesha boda wetu alikuwa ametoka hospitali lakini bado anatembea kwa magongo. Pikipiki ilikuwa imeuzwa kulipia bili. Binti yake alikuwa anajiunga na sekondari, na hakukuwa na kitu.

Nilimwendea jamaa yangu nikiwa na hofu. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza swali moja: "Tutaandika nini kwa katoni?"

Tulikaa usiku mzima. Kwanza tukaenda kwa mwendesha boda mwenyewe na mkewe. Hilo hatukuwa tumefanya vizuri mara ya kwanza. Tulikuwa hata tumesambaza picha yake akiwa kitandani na mguu umefungwa juu. Akatuambia kitu ambacho alikuwa amenyamazia miezi yote: "Ile picha, vijana, abiria wangu waliiona. Mama mkwe wangu aliiona. Mngeniuliza." Tukaomba msamaha. Tukaifuta kila mahali tulipoweza. Na tukakubaliana jina la binti wala sura yake havitaonekana popote.

Halafu hesabu. Safari hii tulichapisha Kisumu, kwa wino na karatasi ya kudumu, printi 30 za mchoro mmoja tu: wapiga isukuti. Mnajua isukuti iliwekwa na UNESCO mwaka wa 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na hapa kwetu hakuna nyumba isiyoijua. Jamaa yangu akaandika kwa penseli chini ya kila moja: 1/30, 2/30, hadi 30/30, na sahihi. Maana yake ni kwamba zitakuwa 30 na basi. Ukichapisha ya 31 kisirisiri, umewaibia watu 30.

Bei ikapanda hadi sh800, na katoni mpya ikasema hivi:

"SH800. SH350 kuchapisha na usafiri. SH150 msanii. SH300 karo ya mtoto wa jirani yetu. Uliza risiti."

Nilikuwa na hakika ile mia na hamsini ya msanii itatuletea matusi. Nikasimama nikingoja. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti aliisoma yote, mstari kwa mstari, akaniangalia juu ya miwani. "Sasa huyu msanii anakula sh150 peke yake?" Nikaanza kujitetea. Akanikatiza, "Ni kidogo." Akanunua mbili.

Sitawadanganya kwamba zote ziliisha kama mara ya kwanza. Sh800 ni pesa. Wengi waliangalia, wakasema "mulembe", wakapita. Tuliuza 27 kwa Jumamosi tatu. Jumla sh21,600. Karo ikapata sh8,100, na tulilipa moja kwa moja kwa akaunti ya shule, sio kwa mkono wa mtu. Jamaa yangu akapata sh4,050, akalipa kodi yake kwa wakati. Zilizobaki, sh9,450, zikaenda kwa gharama.

Lakini tulikuwa tumechapisha 30, kwa hivyo gharama kamili ilikuwa sh10,500. Ile tofauti ya sh1,050 ni printi tatu ambazo hazikupata mtu. Hiyo niliilipa mimi kutoka kwa mfuko wangu. Ni vizuri mjue mapema: printi isiyouzwa ina mwenyewe, na ni heri mkubaliane ni nani kabla ya kufunga kamba.

Jioni ya Jumamosi ya mwisho niliweka statasi nyingine. Safari hii haikuwa na "ZOTE" wala alama za mshangao. Ilikuwa picha ya karatasi ya hesabu, kila mstari, na risiti ya shule tukiwa tumefunika jina. Hakuna aliyeuliza kitu. Sikuwahi kufurahia kimya cha mtandao kama siku hiyo.

Kama unataka kujaribu

Mbogi ikiamua kufanya hii kitu, haya ndiyo tunayoshika sasa.

Usiandike "pesa zote" kama si zote. Ukitaka ziwe zote, tafuta kwanza mtu wa kulipia uchapishaji. Kama hakuna, gawa bei na uandike mgawo huo mahali mnunuzi anaona kabla hajatoa simu.

Msanii alipwe. Akitaka kuchangia sehemu yake yote ni sawa, lakini achague yeye, tena baada ya kuishika. Usimchagulie kwa sababu unaona haya.

Tumia namba moja ya till, na iwe ya kazi hiyo tu. Mara ya kwanza pesa ziliingia kwa laini yangu, zikachanganyika na za kununua unga. Hata mimi sikuweza kuzitenganisha vizuri.

Chapisha kitu ambacho ni chenu. Kijana mmoja alituomba tumchapishie nembo ya Ingwe, mwingine picha ya Messi aliyoitoa Instagram. Tulikataa zote mbili. Hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga, na kutoa pesa kwa maskini hakukupi ruhusa ya kuichukua. Kwa upande mwingine, mchoro wako unalindwa tangu unapouchora, na unaweza kuusajili na KECOBO ili ukiibwa uwe na karatasi ya kuonyesha.

Uliza ruhusa ya mahali. Mara ya kwanza askari alitupata hatuna kibali, na alikuwa sahihi. Alituacha kwa sababu alisoma katoni. Huwezi kutegemea hilo kila Jumamosi.

Na mtu unayemsaidia, mwulize anataka aonekane vipi. Umaskini wake si tangazo lako.

Mwendesha boda wetu bado hajarudi barabarani. Anakaa stage asubuhi, anapanga foleni ya wenzake na wanamkatia kitu kidogo. Binti yake yuko shule. Kuna karo ya muhula wa pili inakuja, na 8,100 haifiki mbali, nyote mnajua.

Kwa hivyo jamaa yangu anachora tena. Safari hii ni soko la mbwa la Lubao, mbwa na wenye mbwa wote wanamwangalia mnunuzi kwa macho yaleyale. Katoni tayari ipo. Tumeacha tu nafasi ya nambari, hadi tumalize kupiga hesabu.